Karatasi Niliyoisoma Nusu

Umejifunza kusoma. Hongera. Sasa unaweza kusoma jina lako, bei ya mbegu dukani na tangazo la mkutano wa kijiji. Leo nataka kukusimulia habari ya karatasi moja ndogo. Ilikuwa na maneno machache tu. Mimi niliisoma nusu. Nusu niliyoiacha ilituletea msiba nyumbani kwetu.

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hii. Nimefundisha madarasa ya vijijini katika wilaya ya Handeni kwa miaka mingi. Kwa hiyo nisingepaswa kuwa mtu wa kusoma karatasi nusu. Lakini nilifanya hivyo, na ninakueleza ili wewe usifanye.

Karatasi ya Baba

Ilikuwa mwaka 2016. Baba yangu aliumwa kichwa kwa siku kadhaa. Akaenda zahanati. Mganga akamfunga mkanda mkononi, akaujaza upepo, akasoma namba. Ilikuwa 180 kwa 110. Mganga akamwambia kuwa ana presha. Akampa vidonge 30 na karatasi ya maelezo.

Baba alijifunza kusoma miaka ya 1970, wakati wa kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Lakini baada ya hapo hakupata vitabu vya kusoma. Jembe halina herufi. Kidogo kidogo akasahau. Alipofika nyumbani akaniita.

"Mwanangu, nisomee karatasi hii."

Mimi nilikuwa nimeshapanda baiskeli. Wanakisomo walikuwa wakinisubiri. Nikaitazama karatasi kwa haraka. Nikaona "kidonge 1 kila siku asubuhi". Nikaona "vidonge 30".

Nikamwambia, "Baba, meza kimoja kila asubuhi mpaka viishe."

"Vikiisha nimepona?"

"Ndiyo, Baba."

Nikaondoka. Baba akaichomeka karatasi kwenye fito za paa, juu ya kitanda chake.

Baba alifuata maneno yangu bila kukosea. Alimeza kidonge kimoja kila asubuhi kwa siku 30. Kichwa kikaacha kuuma. Vidonge vikaisha. Akashukuru Mungu, akarudi shambani. Hakurudi zahanati.

Usimcheke Baba, ndugu msomaji. Alikuwa na sababu. Mwaka 1973, alipokuwa kijana, alikaa katika kikundi cha kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Alichimba choo. Alijifunza habari za malaria na kuhara. Alizoea magonjwa yanayokuja na kuondoka. Ukiumwa malaria, unameza dawa, unamaliza, unapona. Nani alimwambia kuwa kuna ugonjwa ambao dawa yake haimalizwi? Karatasi ilimwambia. Lakini msomaji wake alikuwa mimi.

Alfajiri ya msiba

Miezi mitatu baadaye, alfajiri, Mama alisikia kishindo nje. Alimkuta Baba ameanguka karibu na mlango wa choo. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu. Alitaka kusema, lakini maneno hayakutoka.

Watu wakajaa. Mmoja akasema ni upepo mbaya. Mwingine akasema ametupiwa kitu. Mganga wa kienyeji akaitwa. Akachoma ubani, akamchanja Baba, akampaka dawa. Siku nzima ikapita. Tulimfikisha hospitali siku ya pili jioni. Daktari akatuambia, "Hiki ni kiharusi. Mmechelewa."

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Hakuweza kutembea peke yake wala kusema neno linaloeleweka.

Ndipo baba mkubwa akaitisha kikao cha ukoo. Tulikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mzee mmoja jirani. Mwaka huo ugomvi ulikuwa mkali. Baba mkubwa akasema, "Sote tunajua nani kafanya hivi." Vijana wakaanza kusema maneno mabaya. Mmoja alitaja moto. Nyumba ya yule mzee ni ya makuti, na ndani walikuwa wajukuu wake wanne.

Baba alikuwa amelala kwenye mkeka, anasikia yote. Nikainua macho, nikaiona ile karatasi juu ya kitanda. Nikainuka, nikaichomoa. Mara hii niliisoma yote, kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Kidonge 1 kila siku asubuhi. Vidonge 30. Asiache dawa hata akijisikia nafuu. Arudi kupimwa kabla vidonge havijaisha."

Watu wakanyamaza.

Nikasema, "Baba mkubwa, shikamoo. Jirani hana kosa. Baba aliacha dawa kwa sababu mimi nilimwambia akimaliza atakuwa amepona. Maneno haya yalikuwepo hapa tangu siku ya kwanza."

Baba mkubwa akanitazama. Akauliza, "Kwa hiyo ni wewe?"

Nikajibu, "Ni mimi."

Kikao kikavunjika. Hakuna aliyekwenda kwa jirani usiku ule. Nilipogeuka kumtazama Baba, aliinua mkono wake wa kushoto kidogo, kisha akaushusha. Sikujua anasema nini. Hata leo sijui. Alifariki mwaka 2019. Yule mzee jirani alituma wajukuu wake kusaidia kuchimba kaburi.

Moyo na mishipa yake

Baada ya hapo niliamua kujifunza habari za moyo. Nilimwuliza mganga. Nilisoma vitabu. Sasa nikueleze niliyoyapata.

Moyo wako una ukubwa kama wa ngumi yako. Kazi yake ni kusukuma damu mwilini, kama pampu ya kisima inavyosukuma maji. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Haupumziki hata ukilala.

Damu hupita katika mishipa kama maji yanavyopita katika mpira. Msukumo wa damu ndani ya mishipa ndio tunaouita shinikizo la damu. Kila mtu ana shinikizo la damu. Likizidi, huo ni ugonjwa, na ndio watu wengi huuita "presha".

Fikiri mpira wa kumwagilia bustani. Maji yakija kwa nguvu nyingi kila siku, mpira huchakaa. Mwisho hupasuka mahali palipo dhaifu. Mishipa nayo huchakaa hivyo hivyo. Tena mafuta huganda ndani yake na kuifanya kuwa myembamba. Mshipa ukipasuka au ukiziba kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Mshipa unaolisha moyo wenyewe ukiziba, mtu hupata shambulio la moyo.

Presha haipigi hodi. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi, analima, anacheka, anacheza ngoma, asijue. Mwaka 2012 watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 walipimwa katika uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania. Takriban mtu 1 katika kila watu 4 alikuwa na presha ya juu. Wengi wao hawakuwa wakitumia dawa. Kwa hiyo ukikaa darasani na wenzako 20, huenda 5 kati yenu wanayo.

Mji wa watu waliokubali kupimwa

Je, wataalamu walijuaje kuwa presha huleta magonjwa ya moyo na kiharusi? Zamani hata madaktari wengi walidhani kuwa presha ya juu ni jambo la kawaida la uzee. Rais Roosevelt wa Marekani alikuwa na presha kali. Tarehe 12 Aprili 1945 alisema kichwa kinamuuma sana, akaanguka, akafa siku hiyo hiyo. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Presha yake ilikuwa imefika 300 kwa 190. Alikuwa rais wa nchi tajiri, mwenye daktari wake. Lakini wakati ule hapakuwa na dawa nzuri ya presha.

Mwaka 1948 wataalamu walikwenda katika mji mmoja wa Marekani uitwao Framingham. Waliomba watu wa mji huo wakubali kupimwa. Watu 5,209 wakakubali, wanaume na wanawake. Walikuwa watu wa kawaida, na wengi wao walijiona wazima. Kila baada ya miaka 2 waliitwa. Walipimwa presha, uzito na damu. Waliulizwa kama wanavuta sigara. Yote yakaandikwa. Kisha wataalamu wakasubiri, mwaka hadi mwaka, waone nani ataugua moyo na nani hataugua.

Baada ya miaka kadhaa daftari lilianza kusema. Wenye presha ya juu waliugua moyo zaidi. Wavutaji wa sigara waliugua zaidi. Wenye mafuta mengi katika damu waliugua zaidi. Mwaka 1961 mambo haya yalitangazwa kuwa ni vihatarishi vya ugonjwa wa moyo. Kazi hiyo haikuishia hapo. Mwaka 1971 watoto wa watu wale waliandikishwa, na mwaka 2002 wajukuu.

Ndugu msomaji, hapo nilijifunza jambo. Katika kikao cha ukoo wetu tuliuliza, "Nani kafanya?" Watu wa Framingham waliuliza, "Wanaougua wana nini ambacho wasiougua hawana?" Swali hilo halichomi nyumba ya mtu.

Labda utasema, "Hayo ni ya Wazungu." Nami nilisema hivyo. Lakini mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine. Ulifanywa katika nchi 52, na za Afrika zikiwemo. Ulihusu watu karibu 30,000, wenye shambulio la moyo na wasio nalo. Ilionekana kuwa mambo 9 yalitosha kueleza sehemu kubwa sana ya hatari ya shambulio la moyo, kwa watu wa kila bara. Mambo hayo ni haya:

1. Kuvuta tumbaku.
2. Mafuta mabaya katika damu.
3. Presha ya juu.
4. Ugonjwa wa kisukari.
5. Kitambi.
6. Mawazo mengi na huzuni ya muda mrefu.
7. Kutokula mboga na matunda kila siku.
8. Kutofanya kazi au mazoezi ya mwili.
9. Unywaji wa pombe.

Katika pombe, uchunguzi ule ulionyesha kuwa waliokunywa mara kwa mara walikuwa na hatari ndogo kidogo kuliko wasiokunywa. Lakini usiufanye huo kuwa ruhusa. Pombe nyingi hupandisha presha, na asiyekunywa asianze kwa ajili ya moyo.

Dawa hufanya kazi, ukiimeza

Mwaka 1967 madaktari wa hospitali za askari wa zamani wa Marekani walitangaza jambo kubwa. Waliwachukua wanaume 143 wenye presha kali. Wanaume 73 walipewa dawa ya kweli, na 70 walipewa vidonge visivyo na dawa. Katika wale wasiopewa dawa, 27 walipatwa na madhara makubwa na 4 walikufa. Katika wale waliopewa dawa, 2 tu walipatwa na madhara makubwa, na hakuna aliyekufa.

Baada ya kusoma namba hizo sikulala vizuri. Nilifikiri, Baba angeweza kuwa katika wale waliookoka.

Dawa ya presha haifukuzi ugonjwa kama dawa ya malaria. Hiyo ni kama mkono unaoshika mlango upepo usiufungue. Ukiuondoa mkono, mlango hufunguka. Kwa hiyo watu wengi huimeza kila siku, maisha yao yote. Dawa ikikuletea kikohozi, kizunguzungu au kuvimba miguu, usiiache kimya kimya. Mwambie mganga, atakubadilishia. Ukikosa fedha, mwambie pia. Baadhi ya dawa hizi ni za bei nafuu.

Mishipa ikiziba, au moyo ukiharibika, kuna tiba kubwa hospitalini. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, huzibua mishipa ya moyo na kufanya upasuaji. Lakini Dar es Salaam ni mbali na gharama ni kubwa. Kijiko cha chumvi kiko karibu zaidi.

Mambo ya kufanya nyumbani

Pima presha. Ukiwa mtu mzima, pima angalau mara moja kwa mwaka. Namba nzuri ni karibu 120 kwa 80 au chini kidogo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, una presha ya juu.

Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote vya siku. Usiweke chumvi mezani.

Kula mchicha, kisamvu, maharage, machungwa na mapapai. Punguza vitu vya kukaanga na mafuta yanayoganda.

Acha sigara. Faida huanza mapema. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa moyo hupungua karibu nusu.

Fanya kazi ya mwili. Anayelima kwa jembe anafanya mazoezi tayari. Anayekaa dukani au kwenye pikipiki siku nzima atembee haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Angalia watoto. Mtoto mwenye maumivu makali ya koo na homa apelekwe zahanati. Koo lisilotibiwa laweza kuleta ugonjwa unaoharibu milango ya moyo. Penisilini huuzuia.

Jua dalili za hatari. Uso kupinda, mkono kulegea na maneno kukwama ni kiharusi. Kifua kubana kama kimekandamizwa, maumivu kwenda mkononi au tayani, jasho jingi na kukosa pumzi ni dalili za shambulio la moyo. Usingoje. Usimlishe mgonjwa wa kiharusi wala kumnywesha kitu. Kumbuka saa dalili zilipoanza, na mpeleke hospitali mara moja.

Daftari la mama mmoja

Mwaka 2022 nilipimwa mimi mwenyewe. Nilikuwa na miaka 34. Nilijiona mzima kabisa. Mashine ilisema 150 kwa 96. Nilipimwa tena siku nyingine, ikawa vile vile. Nilikuwa nikiwafundisha watu habari za presha huku nikiwa nayo. Sasa nameza kidonge kila asubuhi baada ya kupiga mswaki.

Katika darasa langu kuna mama mmoja mwenye watoto sita. Alianza kisomo akiwa hawezi kushika kalamu. Naye ana presha. Siku moja alinionyesha daftari lake. Alikuwa ameandika kwa mkono wake tarehe, kisha 162 kwa 100. Chini yake tarehe nyingine, 148 kwa 92. Chini yake tena, 136 kwa 84.

Akaniambia, "Mwalimu, mganga aliniambia nirudi tarehe 14. Nilisoma mwenyewe kwenye kadi. Sikumwomba mtu."

Nilimpongeza. Kisha nikatoka nje kidogo, maana nilimkumbuka Baba.

Ndugu msomaji, ukipewa karatasi zahanati, isome mpaka neno la mwisho. Usipoelewa, uliza. Mtu akikuomba umsomee, shuka kwenye baiskeli kwanza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini Baba aliacha dawa? Je, kosa lilikuwa la nani?
2. Presha inatofautianaje na malaria?
3. Katika kijiji chenu, mtu akipata kiharusi watu husema nini? Hufanya nini kwanza?
4. Nyumbani kwenu mnatumia chumvi kiasi gani kwa siku? Pimeni kwa kijiko.
5. Nenda zahanati ukapimwe presha. Andika tarehe na namba zako katika daftari.